Silaha ya Kuangushia

Leo naomba tutazame kiungo kidogo cha sarufi ambacho wanafunzi wengi wa kidato cha tatu hukiona kikavu: kauli ya kutendea. Kazi zake ni nyingi. Humtaja anayetendewa, kama tunaposema "nimemlimia mama shamba". Hutaja mahali, hutaja sababu, na pia hutaja chombo: jembe la kulimia, kalamu ya kuandikia, kisu cha kukatia. Ni matumizi haya ya mwisho, ya chombo, yaliyoniingiza katika mchezo wa vijana ambao sikuwahi kuusikia mpaka nilipostaafu.

Mchezo wenyewe huchezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu. Mmoja huwa msimulizi, na kila mmoja wa waliobaki huwa na mhusika wake. Msimulizi husema: mmefika langoni, mlinzi amesimama, upanga u mkononi. Wachezaji hueleza wahusika wao wanafanya nini, na pale ambapo jambo halina hakika, dadu la pande ishirini huamua. Kwa maneno mengine, ni paukwa-pakawa yenye kanuni. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ule uliofika nyumbani kwangu ni nduguye mdogo, Pathfinder, uliotolewa na kampuni ya Paizo mwaka 2009.

Uliletwa na mjukuu wangu mwenye miaka 15, aliyezaliwa na kukulia Marekani, alipokuja likizo. Kiswahili chake ni cha kusikia zaidi kuliko cha kusema. Binamu zake wawili wa hapa Tanga, msichana na mvulana, wana Kiingereza cha darasani, cha kujibia mtihani. Kwa siku nne watoto hao walikaa sebule moja kama abiria wa basi: salamu, kisha kila mmoja na simu yake. Siku ya tano yule mgeni akatoa kitabu chake kinene na mfuko wa dadu. Nikamwambia mchezo ni ruhusa, ila uchezwe kwa Kiswahili ili wote wacheze.

"Babu," akanijibu, "huu hauna maneno ya Kiswahili."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayearifu kwamba mvua haijanyesha. Mimi nikaona hapo jambo zito kuliko mchezo. Mtoto anayeamini kwamba lugha ya bibi yake haina maneno ya mambo anayoyapenda hana sababu ya kuihifadhi, na kwa hakika hatakuwa na sababu ya kuwarithisha wanawe. Basi tukavuta viti.

Katika Pathfinder kuna pigo la kawaida, linalompunguzia adui uhai, na kando yake kuna mbinu za mapambano: kumwangusha mtu, kumwondolea silaha, kumsukuma, kumkamata asiweze kujinasua, kukivunja alichokishika. Kila mpiganaji ana tarakimu mbili, moja ya kujaribu mbinu na nyingine ya kuihimili. Unarusha dadu, unajumlisha tarakimu yako ya kujaribu. Ukifikia ile ya mwenzako ya kuhimili, umefaulu.

Mjukuu wangu alisimama kutuonyesha mbinu ya kwanza kwa vitendo. Akautega mguu wake nyuma ya kiti, akakisukuma. Yule binamu mdogo, ambaye kwa siku nne hakuwa ametoa sentensi nzima, akaruka: "Hiyo si ngwala!" Kuanzia hapo maneno yalifuatana yenyewe. Kumsukuma mtu kwa bega ni kikumbo. Kumbana shingo kwa mkono ni kabali. Kumhadaa ajue unakwenda kulia kumbe unakwenda kushoto ni chenga. Kwa nusu saa nzima mgeni alikuwa mwandishi na binamu zake wakawa walimu.

Tazameni kwamba maneno yote hayo huchukua kitenzi kimoja: piga ngwala, piga kikumbo, piga kabali, piga chenga. "Piga" ni mtumishi wa kila nyumba, na uzito wa maana hubebwa na nomino inayomfuata. Mchezo wenyewe nao ulianza na kitenzi kimoja. Katika kanuni za mwaka 1974 silaha zote, jambia kwa shoka, zilipunguza uhai kwa dadu lile lile la pande sita. Katika nyongeza iliyoitwa Greyhawk, ya mwaka 1975, silaha zilipewa madadu tofauti. Lakini tofauti ya ukubwa wa jeraha si tofauti ya kitendo. Mundu na upanga havitofautiani kwa sababu kimoja huumiza zaidi tu. Hutofautiana kwa sababu mundu umepinda.

Hapo ndipo tulipofika kwenye orodha ya silaha. Mundu katika kitabu kile ni silaha hafifu, lakini una alama ya pekee ambayo upanga hauna. Mjukuu wangu aliandika mbele yake "silaha ya kuangusha". Dada yake binamu akauliza, "Ya kuangusha nani? Au ni silaha ya kuiangusha chini?" Swali la haki kabisa! "Silaha ya kuangusha" yaweza kuwa silaha inayodondoshwa. Nikachukua penseli, nikaongeza irabu moja: silaha ya kuangushia. Sasa maana ikakaa. Mundu ni chombo ambacho kwacho mtu mwingine huangushwa.

Kanuni yenyewe inaitegemea tofauti hiyo. Ukijaribu kumwangusha mtu kwa mguu wako, ukashindwa kwa pointi kumi au zaidi, unayeanguka ni wewe. Lakini ukiwa umetumia silaha ya kuangushia, unaruhusiwa kuiachia ikaanguka yenyewe nawe ukabaki wima. Aliyetega mguu wake hana cha kuachia. Hii ndiyo hekima ya chombo tangu kale: chombo husimama kati ya mwili na hatari, na gharama ya kushindwa huweza kulipwa nacho. Katika kanuni hiyo hiyo, kiumbe mwenye miguu zaidi ya miwili huongezewa pointi mbili za kuhimili kwa kila mguu wa ziada, na asiye na miguu haangushwi kabisa. Watoto wakaifanya methali kabla ya magharibi: nyoka hapigwi ngwala.

Mjeledi ulitufundisha zaidi. Kwa kuumiza ni silaha duni. Aliyevaa deraya haumdhuru. Lakini ni wa kuangushia na pia wa kumwondolea mtu silaha. Humwongezea mtumiaji pointi mbili anapojaribu kuiondoa silaha ya adui, ilhali anayejaribu kwa mikono mitupu hupunguziwa nne. Kwenye dadu la pande ishirini kila pointi ni asilimia 5, kwa hiyo kati ya mkono mtupu na mjeledi pana tofauti ya asilimia 30. Hata hivyo mkono una malipo yake: mwenye mikono mitupu akifaulu, huweza kuichukua ile silaha papo hapo. Mwenye mjeledi huiona tu ikianguka. Kiswahili hutenga matendo hayo mawili bila taabu. Kwa mkono unampokonya. Kwa mjeledi unamdondoshea.

Yule msichana ndiye aliyeuchagua mjeledi. Walipofika kwa mlinzi wa lango, kaka zake walitaka kumkata. Yeye akarusha dadu, akapata 17, upanga wa mlinzi ukaanguka kwenye mawe. Nikamuuliza kwa nini hakumpiga tu. "Ni mlinzi, babu," akasema. "Ameajiriwa." Kisha akamhoji mlinzi huyo kwa Kiswahili cha heshima, na kaka zake wakanyamaza kusikiliza majibu ya msimulizi, ambaye ilimbidi ayatafute maneno na kuyapata. Silaha yenye kitenzi kimoja humpa mwenye nayo jibu moja. Yenye vitenzi vitatu humpa nafasi ya kufikiri.

Nafurahi kuona kwamba watunzi wa michezo hii wamezidi kulielekea jambo hilo. Kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons cha mwaka 2024 kimeipa kila silaha umahiri wake kwa aliyejifunza kuutumia: gongo refu laweza kuangusha, nyundo ya vita yaweza kusukuma, mjeledi waweza kupunguza mwendo wa adui. Sisi wa pwani hatushangai. Katika kisa cha Fumo Liyongo, shujaa aliyewashinda watu wenye silaha kubwa kubwa aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, tena kwa mkono wa mwanawe. Kisa chote kinategemea swali la chombo: si nani ana nguvu, bali ni kwa kitu gani jambo hili lawezekana. Na hilo ndilo swali ambalo kauli ya kutendea hulijibu.

Wako wanaosema kwamba Kiswahili ni lugha ya salamu na mashairi, na kwamba mambo ya kanuni, hesabu na michezo migeni yaachiwe lugha nyingine. Mimi nasema maneno hayapungui katika kamusi. Hupungua mezani, pale ambapo wanaoyajua hawajaalikwa kuketi. Neno ngwala lilikuwamo sebuleni siku zote nne. Lilikosa tu mtu wa kuliuliza.

Kwenu nyumbani mna majina gani ya silaha na ya mbinu? Nani bado anasema sagai, sime, kombeo, podo? Yaandikeni, lakini zaidi ya kuyaandika, yapeni kazi. Nami nawaachia ubeti huu:

Silaha si chuma tupu, ni kauli mkononi,
Iko ya kukata chapu, iko ya kulaza chini,
Shoka halisuki kapu, wembe haukati kuni,
Mwenye neno si mtupu, hapotei ugenini.