Upepo Haumo Katika Ramani

Sisi tunaofundisha na kulima hapa Cyanzarwe, karibu na mji wa Gisenyi na mpaka wa Kongo, hatukuwa na mazoea ya kusoma ramani za mipango ya ardhi. Udongo wetu ni wa volkano, na mazungumzo yetu yalikuwa ya viazi na maharagwe. Lakini mji hukua, nao hutafuta nafasi. Siku moja tulialikwa mkutanoni kutazama mchoro wa matumizi ya ardhi: rangi hii makazi, ile mashamba, nyingine viwanda. Bibi kizee mmoja akasimama akamwuliza mtaalamu, "Mwanangu, katika karatasi hii upepo unatoka wapi?" Watu wakacheka. Nasi tulicheka, twakiri kwa haya.

Kicheko hicho kiliturudia tulipowasimulia wanafunzi habari za Owino Uhuru, kitongoji cha wanyonge mjini Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi ubavuni mwa nyumba za watu. Tuliposema kwamba watoto wa huko waliugua kwa risasi, darasa zima lilinyamaza. Hapana ajabu: Januari 2025, vita vilipoingia Goma, risasi zilivuka mpaka zikaua watu wilayani mwetu. Ikatulazimu kueleza kwamba neno ni lile lile, ila risasi hii haina mlio. Huwa vumbi na moshi, hukaa udongoni miaka mingi, huingia tumboni mwa mtoto atambaaye na kudhuru ubongo wake. Wataalamu wa afya hawajaona kiasi chake kisicho na madhara.

Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mwanawe mwenyewe amedhurika, akaanza kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ikigawa lawama baina ya kiwanda na vyombo vya serikali. Mahakama ya rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabuni wenyewe umri wa mtoto aliyezaliwa mwaka 2007.

Tutaambiwa kwamba Rwanda inayo sheria ya mazingira ya mwaka 2018, itakayo athari za mradi zichunguzwe kabla mradi haujaanza. Ni kweli, tena ni jambo jema. Lakini uchunguzi huo huja wakati rangi imekwisha pakwa, na rangi ndiyo hukumu ya kwanza. Palipopakwa rangi ya viwanda, anayeweza kuhama huhama. Asiye na kitu huhamia, kwa kuwa kodi ya nyumba ni nafuu. Moshi ukimwumiza huambiwa, "Si ulikuja mwenyewe?" Kana kwamba umaskini ni hiari! Mjini Kigali viwanda viliondolewa katika bonde oevu la Gikondo vikapelekwa Masoro. Basi kiwanda nacho chaweza kuhamishwa, ijapokuwa kwa gharama kubwa kuliko ya kuuliza mapema.

Juma lililofuata tulimpelekea bibi yule nakala ya mchoro. Aliitandaza mkekani, akaigeuza mpaka Nyiragongo ikakaa upande wake, ndipo akaanza kulitafuta shamba lake.