Siku ya Bomba na Siku ya Ndoo: Kipimo cha Maji Nyasubi

Suala la vipimo katika Kiswahili aghalabu hujadiliwa kama suala la istilahi: neno litafutwe, lisanifishwe, liingizwe kamusini, na kazi ihesabiwe kuwa imekwisha. Hali ya maji katika kata ya Nyasubi, mjini Kahama, yaonyesha kwamba istilahi zaweza kuwapo zote, tena zilizo sahihi, na bado mhandisi na mchota maji wasielewane.

Maji ya Ziwa Victoria huletwa Kahama na Shinyanga kutoka chanzo cha Ihelele, wilayani Misungwi, kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Uwezo wa awali wa mtambo ulitajwa kuwa mita za ujazo 80,000 kwa siku. Mradi huo uliamsha upya mjadala juu ya mkataba wa Mto Nile wa mwaka 1929, ambao Tanganyika ilikataa kufungwa nao mara baada ya uhuru. Katika mjadala wa namna hiyo kipimo chenyewe huwa hoja. Elfu themanini kwa siku husikika kama mto mzima. Lakini zikizidishwa kwa 365 hupatikana mita za ujazo milioni 29.2 kwa mwaka, ilhali fungu ambalo Misri ilijipatia katika makubaliano yake na Sudani ya mwaka 1959 ni bilioni 55.5 kwa mwaka. Ni takriban sehemu moja katika 1,900.

Huko ni kwenda juu. Safari ya kushuka, kutoka bomba kuu hadi kioski cha maji, ndiyo yenye matatizo ya lugha.

Wakazi wa Kahama si wageni wa kubadili vipimo. Dhahabu ya migodi mikubwa hutangazwa kwa wakia, na ya mchimbaji mdogo huuzwa kwa gramu. Kwamba wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1 ni jambo ambalo mchimbaji halihitaji kufundishwa darasani. Kwa maji vilevile, ngazi ya kwanza ya ugeuzaji haisumbui. Uniti moja iliyoandikwa katika ankara ni mita moja ya ujazo, nayo ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Neno *uniti* lina kasoro yake, kwa kuwa katika umeme lina maana nyingine kabisa, lakini muktadha hulisaidia. Neno *ujazo* nalo limezaliwa na kitenzi *jaa*, hivyo humlazimu msemaji kufikiria chombo kinachojazwa. Mwenye ndoo mkononi amekwisha kuielewa nusu ya istilahi.

Ugumu umo katika maneno mawili mafupi yanayofuata: *kwa siku*.

Chukua bomba la kioski linalojaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 80. Mtiririko wake ni robo lita kwa sekunde. Mhandisi huzidisha kwa 86.4 na kupata mita za ujazo 21.6 kwa siku, sawa na ndoo 1,080. Hesabu hiyo haina kosa. Ila 86.4 imebeba ndani yake sekunde 86,400, yaani saa 24 kamili, usiku ukiwamo. Kioski kinachofunguliwa alfajiri na kufungwa magharibi kina siku ya saa 12, na ndoo zake ni 540. Maji yakiwa ya mgao, yakatoka saa nne tu, zitajaa ndoo 180. Namba tatu zatokana na bomba moja, na zote huitwa "kwa siku".

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikadiria, kwa upande wa vijijini, lita 25 kwa mtu kwa siku na watu 250 kwa kituo kimoja. Nyasubi ni mji, lakini kipimo hicho chafaa kwa mfano. Zinahitajika lita 6,250, yaani ndoo 312 na nusu. Kwa bomba lile, ni sekunde 25,000 za kujaza mfululizo: karibu saa saba. Kila ndoo ikiongezewa sekunde 20 za kuitoa na kuweka nyingine, na kubishana kidogo juu ya nani alitangulia, muda unapita saa nane na dakika arobaini. Karatasi husema bomba linatosha zaidi ya mara tatu. Foleni husema limetosha kwa shida, na siku ya mgao halitoshi.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kimezitenganisha siku hizi zamani. Kipo *kutwa*, tangu macheo hadi machweo, na kipo *kutwa kucha*, mchana na usiku. Mapokeo yenyewe huanza siku wakati wa magharibi, ndiyo maana usiku wa Ijumaa hutangulia Ijumaa. Wataalamu wa vipimo waliliteua *siku*, pana kuliko yote, wakaliacha libebe kila kitu. Watu wa afya walikosea kinyumenyume: waliandika "kutwa mara tatu" kwa dawa inayotakiwa kila baada ya saa nane, na mgonjwa mwenye Kiswahili kizuri akaimeza yote kabla ya jua kuchwa. Lingekuwa jambo la busara mtiririko wa bomba kuu uandikwe "kwa saa 24", na ule wa kioski "kwa kutwa", saa za kufungua zikitajwa kando.

Hata hapo neno *saa* litadai uangalifu wake. Tangazo likisema "kesho maji yatatoka saa nne", msomaji mmoja atafika na ndoo saa nne asubuhi. Mwingine atajua ana muda wa saa nne, asijue unaanza lini. Katika tangazo hilo kinachokosekana ni *kwa*: "yatatoka kwa saa nne" ni ndoo 180, na "yatatoka saa nne" ni ahadi isiyo na kipimo.