Usiulize Namba Tu

Mwaka jana mdogo wangu alimaliza wa nne kwenye mita 1500, mashindano ya shule za sekondari ya kaunti. Waliokuwa wanaendelea mbele ni watatu. Alirudi hapa Kapsokwony jioni, akashuka kwa bodaboda, na swali la kwanza nyumbani likawa, "Namba ngapi?" Akasema nne. Kimya. Mama akaendelea kuchambua maharagwe. Mimi nikamwambia, "Pole bana, ulikaribia tu."

Hilo neno "tu" limenisumbua tangu siku hiyo.

Juzi nikakutana na video ya besiboli. Mrushaji akiwatoa wapigaji wote 27 bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza, huo unaitwa mchezo kamili. Kwenye ligi kuu ya Marekani, tangu 1880, hata mara 30 haijafika. Tarehe 2 Juni 2010, Armando Galarraga wa Detroit alishawatoa 26. Wa 27 alitoka pia, kila mtu aliona, lakini mwamuzi Jim Joyce akasema amefika. Baadaye Joyce alitazama marudio, akakubali kosa, akaomba msamaha. Galarraga je? Alitabasamu, akarudi kurusha, akamtoa aliyefuata.

Sisi huku mlimani tunaye wetu, ila hatumtaji vya kutosha: Ben Jipcho. Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, 1974. Aliingia mbio tatu. Mita 3000 kuruka viunzi na maji, dhahabu. Mita 5000, dhahabu: yeye 13:14.4, Brendan Foster wa Uingereza 13:14.6. Ikabaki 1500. Filbert Bayi wa Tanzania akachomoka mapema kama mtu anayekimbia deni, akashinda kwa rekodi ya dunia, 3:32.2. John Walker wa New Zealand akawa wa pili. Jipcho wa tatu, 3:33.2. Na rekodi ya dunia asubuhi ya siku hiyo ilikuwa 3:33.1!

Sasa niambie, huyo alishindwa?

Kwenye 5000 alimpita Foster kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Ingeenda upande ule mwingine, angekuwa mtu yule yule, na mapafu yale yale. Namba inakuambia nani alikuwa mbele yako. Haikuambii ulikimbia vipi.

Kwa hivyo wiki iliyopita nilimwuliza mdogo wangu, "Siku ile ulikimbia kwa muda gani?" Akaniangalia kama namchezea. Kisha akasema alikuwa amepunguza sekunde sita kwenye muda wake bora. Manze, sekunde sita! Amekaa na hiyo habari mwaka mzima, hana wa kumwambia.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nikamsikia akifungua mlango, viatu mkononi. Mimi nikajifunika blanketi. Huku kuna baridi.