Albamu ya pili ilivyoniumbua!

MSOMAJI wangu, kuna jambo limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa, na leo nalitema. Ukinicheka poa tu, nimeshazoea.

Unaikumbuka makala yangu ya kwanza humu, ile ya mama mwenye nyumba na ugomvi wa luku? Mliipenda, mkanisifu, nikavimba kichwa. Mhariri akasema, "Haya kijana, lete nyingine Alhamisi." Weee! Hapo ndipo nilipoijua homa ya kazi ya pili.

Jumatano usiku karatasi ilikuwa bado nyeupe. Nikakumbuka stori ya baba mdogo. Enzi zake alikuwa akipiga gitaa la solo kwenye bendi za harusini. Usiku mmoja huko Morogoro uzi ulikatika wakati bibi harusi ndiyo anaingia ukumbini, naye akaendelea kwa nyuzi tano mpaka alfajiri, bila mtu kushtuka. Nikaiandika yote. Kasoro ilikuwa moja tu: niliandika kama vile mpigaji ni mimi! Mimi, ambaye gitaa najua kulifuta vumbi.

Nyie mkapiga makofi. Mtaani wakaguna, "Hiyo si ya ba' mdogo wako?" Mwenyewe hakusema neno. Ila nikipita barazani kwake, "Shikamoo baba mdogo," yeye "Marahaba," basi, imetoka hiyo. Stori zote zikakatika.

Sasa Jumamosi moja tulikuwa kwenye kibanda cha binamu yangu, anayewaingizia watu nyimbo kwenye simu na flashi. Akaweka wimbo mmoja. Baba mdogo akainua kichwa.

"Nani huyo? Vidole hivyo kavitoa Kongo."

"Wamarekani hao, baba. Wanaitwa Vampire Weekend."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza mbele yangu tangu siku ile.

Basi nikaenda kuwachimba hao jamaa. Walianza wakiwa vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia, New York: Ezra Koenig mwimbaji, Rostam Batmanglij, Chris Tomson na Chris Baio. Albamu yao ya kwanza ilitoka Januari 2008, chini ya XL Recordings, kampuni huru iliyo nje ya yale makampuni makubwa. Ndani yake kuna wimbo unaoitwa "Cape Cod Kwassa Kwassa". Cape Cod ni pwani wanakokwenda Wamarekani kupumzika wakati wa joto. Kwasa kwasa sina haja ya kukueleza wewe uliyekata kiuno na Kanda Bongo Man.

Maneno yakaanza. Kuna wachambuzi waliowapenda mno, lakini wapo waliouliza: hawa watoto wa kishua wenye masweta ya shuleni, muziki wa Waafrika wameupata wapi? Wakafananishwa na Paul Simon, ambaye mwaka 1986 alitoa "Graceland" akiwa na wanamuziki wa Afrika Kusini, naye akasemwa weee. Hilo la kishua lenyewe lilikuwa na matundu, maana wazazi wa Batmanglij ni Wairani waliohamia Marekani.

Kwa hiyo albamu ya pili ilikuwa mtihani. Ingekuwa mimi, lile gitaa la Kikongo ningelitupa baharini ili watu waniache nipumue. Wao hawakulitupa. Januari 2010 wakatoa "Contra", nyimbo 10, hazifiki hata dakika 40. Gitaa limo, ila limepewa majirani: ngoma za kompyuta, milio kama ya marimba, na kinanda kinacholia taratibu kwenye "Taxi Cab". Kwenye "Diplomat's Son" wamechomeka kipande cha sauti ya M.I.A., yule Mwingereza mwenye asili ya Sri Lanka. Jina lenyewe linawakumbusha wapinzani wa serikali ya Nicaragua miaka ya 1980, na pia linaitania "Sandinista!", albamu ya The Clash ya mwaka 1980.

Wiki ya kwanza tu ziliuzwa nakala kama 124,000 Marekani, ikakaa namba moja ya chati ya Billboard. Jarida la Pitchfork, lisilogawa maksi kama pipi, liliipa 8.6 kati ya 10. Ya kwanza lilikuwa limeipa 8.8. Yaani mtu anayesubiri uanguke, umeshuka pointi mbili nyuma ya nukta! Ikaingia hata kwenye kinyang'anyiro cha Grammy za mwaka 2011, ingawa wakaibeba The Black Keys.

Na unajua kilichowafikisha mahakamani? Siyo gitaa. Ni picha ya jaladani! Mwanamke aliyemo kwenye picha hiyo ya zamani alifungua kesi mwaka 2010, akisema hakuwahi kuruhusu sura yake itumike. Alidai dola milioni 2. Mwaka uliofuata wakamalizana.

Nikarudi kibandani na data zangu, kifua mbele. "Baba mdogo, nimegundua. Wezi wale!"

Akanitazama. "Mwizi gani anabandika jina la mwenye mali mlangoni? Si wameandika wenyewe kwasa kwasa?"

Binamu akadakia, "Lakini baba, jina halilipi kodi. Mkongo gani kapata hata senti kwa jina hilo?"

"Hilo nalo neno," mzee akakubali. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba na wao waliiga. Walikuwa wakirudisha kaseti kwa kalamu ili betri zisiishe, wanausikiliza mlio mmoja mara hamsini mpaka vidole vivimbe. Wakongo wenyewe walikuwa hapa hapa Dar. Remmy Ongala alizaliwa Kongo, akaja kuwa wetu kiasi kwamba, ingawa alifariki Desemba 2010, hadi leo kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy.

"Ila mimi," akasema, "kabla ya kupiga nilishika maiki nikatangaza: wimbo huu ni wa fulani. Ndipo nipige. Kuchukua kila mtu anachukua, mwanangu. Ubaya ni kumchukulia mtu halafu ukanyamaza."

Msomaji, kibanda kilikuwa na feni, lakini jasho lilinitoka. Hakunitaja. Hakuitaja makala. Aliendelea kuutikisa mguu kwa "Cousins", wimbo wa "Contra" wenye gitaa linalokimbia kama limefukuzwa na mbwa.

Mimi ndiye niliyekuwa nimewaita wenzangu wezi dakika mbili nyuma! Wenyewe waliandika neno kwasa kwasa juu ya wimbo. Mimi niliandika jina langu juu ya uzi wa mtu mwingine, mtu wa damu yangu, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Basi leo nashika maiki. Mpiga gitaa wa Morogoro, wa nyuzi tano, ni baba mdogo. Siyo mimi. Sikuwepo, sikuwa hata nimezaliwa.

Juzi nilimpelekea malipo yote ya makala ile. Nikampa kwa mikono miwili. Akazihesabu taratibu, akazigawa mafungu mawili, moja akanirudishia.

"Hii ya kuandika," akasema. "Hii nyingine ya uzi."

Kisha akasogea kwenye mkeka kunipisha nafasi. "Kaa. Nimewahi kukusimulia ya yule bwana harusi wa Kilosa?"

Hajawahi. Nikikuletea humu, utajua ni ya nani. Tukutane wiki ijayo.