Mwenye Mshale

Watu wanne wanapomfuata twiga mmoja katika nyika ya Kalahari, mmoja wao hana budi kutangulia kuachia mshale. Ni nani huyo? Swali hili laweza kuonekana dogo, jambo la kumalizwa kwa ishara ya mkono nyuma ya kichaka. Hata hivyo, katika miaka yote niliyofundisha uraia sambamba na Kiswahili, sijapata mfano ulio bora kuliko huu wa kuwaonyesha wanafunzi jinsi watu wanavyoweza kumzuia mwenzao asiyageuze mafanikio ya wote kuwa mali yake.

Nawasema Waju/'hoansi, ambao mstari ulio katikati ya jina lao ni alama ya sauti ya kidoko ambayo sisi huitumia kuonyesha masikitiko tu, wao wakaifanya konsonanti. Makao yao yako kaskazini-mashariki ya Namibia na kaskazini-magharibi ya Botswana. Familia ya Marshall kutoka Marekani ilianza kukaa nao mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1957 kijana wa familia hiyo, John, akatoa filamu juu ya wawindaji wanne na twiga. (Filamu hiyo iliunganishwa kutokana na mawindo kadhaa, asiitazame mtu akidhani ni kumbukumbu ya safari moja.) Mwaka 1963 akafika Richard Lee, ambaye maandishi yake ndiyo yanayosomwa zaidi kuhusu jambo ninalolieleza hapa.

Ili kuelewa nani anapiga, yafaa kwanza kuielewa silaha. Upinde wao ni mdogo na mwepesi, na mshale ni mwepesi vilevile. Chombo hicho peke yake hakiwezi kumwangusha pofu, wala choroa, sembuse twiga. Kinachoua ni sumu, na sumu hutoka kwa mabuu ya aina fulani ya mbawakawa, yanayochimbwa ardhini chini ya vichaka ambavyo wadudu hao hula majani yake. Utomvu wa mabuu hupakwa nyuma ya chembe, si kwenye ncha, ili mtu akijikwaruza kwa bahati mbaya asife. Mshale wenyewe umeundwa kwa vipande: ukishaingia, uti huanguka, chembe hubaki mwilini pamoja na sumu. Kisha kazi ya kungoja huanza. Mnyama mdogo huenda akafa siku ileile. Mnyama mkubwa huweza kuchukua siku nzima au zaidi, akitembea.

Tazama basi matokeo yake. Kwa kuwa upinde haufiki mbali, anayepiga ni yule ambaye upepo unamjia usoni na mnyama yuko karibu naye, naye aweza kunyemelea kwa tumbo bila kuonekana. Hakuna mkuu wa msafara anayesimama akasema, leo zamu ni yako. Wenzake wanamwona yuko mahali pazuri, wanatulia tuli, naye anakwenda. Pengine wawili wakafyatua. Mnyama akikimbia, wote huziendea nyayo, waokote uti ulioanguka na kujua ni mshale gani uliopata, kwa maana kila mtu anaitambua kazi ya mkono wake. Baada ya hapo aliyepiga hana tofauti kubwa na mwingine. Kufuata nyayo ni mjadala: huyu anasema amepita hapa asubuhi, yule anaonyesha mchanga uliodondokea juu ya ukwato, na mwenye hoja yenye nguvu ndiye anayefuatwa, hata akiwa mdogo kwa umri.

Sasa nyama ni ya nani? Hapa ndipo wanafunzi wangu huinua vichwa. Nyama si ya aliyepiga. Ni ya mwenye mshale uliotangulia kuingia barabara. Na mwenye mshale huenda hakuwapo kabisa mawindoni. Lee alipochungulia ndani ya podo za wawindaji alikuta mishale mingi ya watu wengine, iliyotolewa kwa zawadi au kwa kuazimana. Mzee ambaye miguu imechoka anaweza kuwa na mshale katika podo la kijana. Mwanamke naye anaweza kuwa na mshale aliopewa na jamaa yake, akampa ndugu yake auchukue. Siku mnyama akianguka, mzee yule au mama yule ndiye anayesimamia mgawo. Nasema anasimamia, maana hata yeye hawezi kuifungia nyama nyumbani: vipande vikubwa hutolewa kwa waliokwenda mawindoni, nao hukata tena kuwapa wazazi, wakwe na jirani, mpaka kila moto kambini una kitu juu yake.

Kiswahili kina neno linalonifanya nitafakari kila nifikapo hapa. Tunasema mwenye mshale, mwenye nyumba, mwenye duka, na kwa mkondo huohuo tukaunda mwenyekiti. Neno hilo tumelizoea mno hata hatusikii tena lililomo ndani yake. Lakini baadhi ya wenyeviti wanalisikia vizuri.

Nilipata kufundisha katika shule moja, siitaji, ambako kamati ya wazazi ilipata mabati ya kuezekea madarasa mawili. Aliyehangaika kuyatafuta alikuwa mwenyekiti wa kamati. Alisafiri, akaandika barua, akakaa kwenye mabenchi ya ofisi, na haki yake ya kusifiwa siikatai hata kidogo. Mabati yalipofika aliyapokea yeye, akayahesabu yeye, akayaweka ghalani kwake, na ufunguo ukawa wake. Darasa moja likaezekwa. La pili likangoja mvua mbili. Kila mzazi aliyeuliza alijibiwa na wazazi wenzake, tena kwa upole: Mwalimu, mwache baba huyo, si yeye aliyeyaleta? Hilo ndilo lililonikaa moyoni. Yeye hakuhitaji kujitetea. Waliokuwa wakinyeshewa na mvua watoto wao ndio waliomtetea, kwa sababu katika fikra zetu aliyepiga, mwenye mnyama na mwenye kugawa wamekuwa mtu mmoja.

Waju/'hoansi wamewatenganisha hao watatu. Naona hiyo ni katiba, ijapokuwa haikuandikwa.

Wana na kinga nyingine, nayo inatupasa sisi wenye kupenda vigelegele kuitazama kwa makini. Mwindaji aliyefanikiwa harudi kambini akitangaza. Hukaa kimya karibu na moto mpaka aulizwe, kisha hujibu kwamba hakuona kitu cha maana, labda kidogo tu. Wenzake wanaelewa, wanatabasamu. Kesho yake wanapokwenda kubeba nyama wanamlaumu kwa sauti: umetutoa mbali hivi kwa rundo hili la mifupa? Naye huitikia kuwa kweli, afadhali waiache hapo. Kisha wanaikata na kuibeba yote. Lee aliyapata hayo yeye mwenyewe alipowanunulia ng'ombe dume mnene kwa sikukuu ya Krismasi, akidhani atashukuriwa. Kwa siku nyingi watu walimwambia kwamba amenunua gofu la mnyama lisilo na mafuta. Aliudhika sana. Ng'ombe alipochinjwa alionekana amejaa mafuta, nao wakaendelea kucheka. Alipotafuta sababu akaelezwa kwamba kijana akiua nyama nyingi huanza kujiona mkubwa na wengine kuwaona watumishi wake, basi wao huupoza moyo wake kabla kiburi hakijamfikisha kuua mtu. Maelezo hayo aliyachapisha mwaka 1969, na tangu hapo yamesomwa na wanafunzi wa vyuo vingi duniani.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa upande wa pili: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tofauti ni kwamba sisi tumebaki na methali, wao wakaifanya kuwa kanuni ya kila siku. Simaanishi kwamba kejeli ni dawa isiyo na uchungu. Nimewaona watoto hodari darasani wakijifanya wajinga ili wasichekwe, na jamii inayomdhihaki kila anayefanikiwa inaweza kuua jitihada pamoja na kiburi. Lakini kwa Waju/'hoansi dhihaka hiyo ina mipaka. Anayechekwa anajua anaheshimiwa, na wanaomcheka ndio watakaomlisha. Hata mwindaji hodari aliyefululiza kupata huacha kuwinda kwa majuma kadhaa, akapumzika, akala vya wengine. Hajashushwa cheo. Amewapisha.

Kwa Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, njia ni nyingine. James Woodburn, aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza mchezo wao wa lukuchuko, ambapo wanaume hurusha vipande vya magome ya mti na kushindania mishale yenye vyembe vya chuma na vitu vingine vya thamani. Mshale uliofuliwa kwa ustadi leo huenda jioni uko kwa mtu mwingine. Upinde wenyewe hauwekwi rehani katika mchezo, kwa hiyo hakuna anayepoteza uwezo wa kuwinda. Kuna watu wa kaskazini ya mbali ambao ngozi ya dubu mweupe huwa ya aliyemwona kwanza, si ya aliyemchoma. Na katika nchi kama Uswidi, ambako vikundi huwinda kongoni wakubwa wa baridi kwa bunduki, ni desturi kupiga kura kujua nani asimame wapi, na kila mtu hupiga upande wake tu, maana risasi haichagui kati ya mnyama na jirani.

Huku kwetu Ituri, Wambuti wanapowinda kwa nyavu huziunganisha ncha kwa ncha kuwa nusu duara msituni. Wanawake na watoto hupiga kelele upande wa pili na kuwasukuma mboloko kuelekea kwa wanaume. Mnyama ni wa mwenye wavu aliomnasa, lakini hakuna wavu mmoja uwezao kunasa kitu bila zile nyingine, na bila akina mama kupiga makelele hapana mawindo. Ndiyo sababu mgawo huanza palepale msituni. Tembo aliwindwa kwa mkuki, na waliomsogelea walikuwa wachache sana, pengine mmoja tu. Leo tembo analindwa na sheria ya nchi, na hifadhi ya okapi iliyoanzishwa mwaka 1992 ina mipaka yake, lakini heshima ya yule aliyesogea karibu ingali katika hadithi za wazee.

Yapo mabadiliko ambayo sina jibu lake. Katika hifadhi ya jamii ya Nyae Nyae, iliyosajiliwa Namibia mwaka 1998, wenyeji wangali na ruhusa ya kuwinda kwa silaha zao za asili. Lakini pia mgeni mwenye bunduki huja kulipa fedha nyingi ili ampige tembo. Fedha huingia katika mfuko wa jamii, nyama hugawiwa vijijini. Hapo swali la nani atapiga limejibiwa na mkoba. Watu hawa wenye mbinu nyingi za kuutenga mshale na ukubwa sasa wanauza nafasi ya kupiga, na mnunuzi anarudi kwao na picha yake akiwa amesimama juu ya mnyama. Sioni kwamba wamekosea kuuza, kwa kuwa fedha wanazihitaji. Najiuliza tu kama kuna mtu kambini aliyemwambia mgeni yule kwamba tembo wake ni rundo la mifupa.

Kuhusu mabati, mkutano wa wazazi uliofuata ulikubaliana mambo mawili baada ya mabishano ya saa tatu. Kitakachopatikana kitaandikwa katika daftari la mama mmoja muuza samaki ambaye hakuwa mjumbe wa kamati, na ufunguo wa ghala utashikwa na mtu asiyekwenda kutafuta msaada. Mwenyekiti alikasirika, akasema wanamwona mwizi. Bibi mmoja alimjibu kwamba hapana, baba, hakuna aliyesema hivyo, na kwamba mabati yenyewe yalikuwa membamba sana. Watu wakacheka, naye mwishowe akacheka kidogo, akautoa ufunguo mfukoni.