Bunduki, bega na umri

Leo hesabu kidogo. Hapa Nyeri, kwenye makaburi ya kanisa la St Peter's, amezikwa Jim Corbett, mwindaji wa simbamarara wala watu wa India. Alihamia Kenya mwaka 1947 akiwa na miaka 72, akafariki 1955. Alitumia Rigby .275, bunduki nyepesi, na .450/400, nzito.

Nikaandika programu fupi: uzito wa risasi mara mwendo wake, gawanya kwa uzito wa bunduki. Gramu 9 kwa mita 800 kwa sekunde, bunduki ya kilo 3.5: inarudi begani kwa mita 2 kwa sekunde. Gramu 26, mita 640, kilo 5: mita 3.3. Nishati ni karibu mara nne, na baruti bado sijaihesabu!

Ndiyo maana nchi zinazoruhusu, wawindaji wazee hujijazia risasi nyepesi, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji wa baruti. Anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua, akakosa.

Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, nami sina bunduki. Lakini bega langu la kulia limechoshwa na kipanya, na miaka inasonga. Nimekihamishia kushoto. Si kushindwa, nataka niendelee kulenga.

Haya, tuonane wiki ijayo.