Bei ya Cherehani cha Jjajja

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii niliifanyia mtihani sekondari na nikaiamini, mpaka siku nilipotumwa kuuza cherehani cha marehemu bibi yangu. Siku hiyo nilijua kwamba hata chema hujitembeza, tena juani, ikiwa mnunuzi hana njia ya kujua kuwa ni chema.

Bibi, ambaye sisi wajukuu tulimwita Jjajja kama ilivyo desturi kwetu Buganda, alikuwa mshonaji katika mji mdogo karibu na Masaka. Alishona sare za shule na magomesi kwa cherehani cheusi cha Singer, kile cha kukanyaga kwa miguu. Alipofariki, hakuna mtu nyumbani aliyejua kushona. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni na nilikuwa nadaiwa ada ya shilingi 400,000. Bila kulipa, nisingeruhusiwa kuingia katika chumba cha mtihani. Familia ikakaa, ikaamua cherehani kiuzwe, na kazi hiyo nikapewa mimi kwa sababu nasoma Kiswahili na Uchumi. "Wewe ndiye unayesoma mambo ya bei," mjomba alisema.

Kulikuwa na jambo moja. Mguu mmoja wa ile meza ya chuma ulivunjika zamani tulipokuwa tunahama. Fundi aliuchomelea, lakini tangu hapo meza ilitetemeka kila Jjajja aliposhona kitambaa kizito, naye alizoea kuweka kipande cha ubao chini yake. Kabla ya safari, mjomba aliupaka mguu ule rangi nyeusi, akaitupa ile mbao. "Asiyeuliza haambiwi," akaniambia.

Nilikipeleka Kampala, mtaa wa Kiyembe, ambako mafundi cherehani na wauza vitambaa wamejaa. Mfanyabiashara wa kwanza hakukigusa. Alikitazama kwa mbali, akasema, "Laki moja na ishirini." Nilipomwambia kwamba ni kizima na kinashona vizuri, alicheka. "Kila anayekuja hapa husema hivyo." Wa pili alisema laki moja na nusu. Wa tatu aliniuliza kama nimekiiba.

Mchana nilifika kwenye kibaraza cha fundi mmoja mzee. Nilimsalimu kwa Kiganda, nikimwita ssebo, naye akaitika bila kuinua macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa anapindia. Alipomaliza, aliinuka na kufanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya: alikikagua.

Kwanza alilegeza mkanda, akazungusha gurudumu la mkono polepole kwa vidole viwili, huku ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. Alitaka kujua kama kuna mahali panapokwama. Pili, alikishika chuma kinachobeba sindano, akakitikisa mbele na nyuma. Kikicheza sana, alinieleza, maana yake kimelika, na mishono itaruka. Tatu, alifungua chini, akatoa bobini, akapitisha ukucha pale kinapozunguka kile chuma kinachoibeba, akitafuta mikwaruzo. Mwisho alitia uzi, akashona vitambaa viwili, chepesi na kizito, akageuza upande wa chini kuangalia kama uzi umekaza sawasawa.

Alisoma pia namba iliyogongwa kwenye chuma. Ilianza na herufi EF. "Hiki ni cha Clydebank, Scotland," alisema. Kiwanda hicho cha Singer kilifungwa mwaka 1980. Moyo wangu uliruka, nikadhani uzee wa cherehani utapandisha bei. Mzee akatabasamu. "Hapana, mwanangu. Singer walitengeneza mamilioni. Uzee peke yake si mali. Kinachokipa thamani ni kwamba hakijalika, na vipuri vyake bado vipo." Akanionyesha bobini ya cherehani kipya cha Butterfly kutoka China. Aliiweka ndani ya Singer ya Jjajja, ikaingia bila taabu.

Kisha akasema, "Laki tatu na themanini. Nataka mwanafunzi wangu aanzie hapa." Alimwelekezea kidole msichana mmoja aliyekuwa anakata vitambaa pembeni.

Zilibaki elfu ishirini tu kufikia deni langu. Mzee alikuwa ameshaanza kuhesabu noti. Hakuwa ameuliza habari za miguu, kwa kuwa macho yake yote yalikuwa kwenye mashine yenyewe, na ubaraza ule ulikuwa wa saruji iliyosawazishwa. Nilimtazama yule msichana. Nilijua kwamba siku atakapoletewa kitambaa cha jinzi, meza itatetemeka, na atafikiri kosa ni la mikono yake.

Nikasema. Ulimi ulikuwa mzito, lakini nikasema.

Mzee alipiga magoti, akakwaruza rangi kwa sarafu mpaka alama ya kuchomelea ikaonekana. Alinyamaza kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mguu mwingine najua nitakapoupata. Elfu thelathini. Kwa hiyo laki tatu na nusu." Akanihesabia.

Jioni ile, ndani ya taksi ya kurudi, nilikumbuka somo ambalo nilikuwa nimelikariri bila kulielewa. Mwaka 1970, mwanauchumi George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alieleza kwamba muuzaji anajua ubovu wa gari lake, lakini mnunuzi hajui. Kwa kuogopa kudanganywa, mnunuzi hutoa bei ndogo kwa magari yote, na wenye magari mazuri huondoka sokoni. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, na makala hiyo ni mojawapo ya sababu. Sasa nilielewa. Zile laki na ishirini hazikuwa bei ya cherehani cha Jjajja. Zilikuwa bei ya uongo wa watu wote waliowahi kupaka rangi kitu kibovu na kukipeleka Kiyembe. Mimi nilikuwa nimelipia uongo wao asubuhi nzima, na mchana nilibakiza kidogo tu niongeze wangu.

Mjomba alikasirika. Alisema nimetupa elfu thelathini za marehemu, na kwa wiki kadhaa hakupokea simu zangu. Elfu hamsini zilizopungua nilikopa kwa wenzangu wawili wa bweni, nikawa nazilipa kidogokidogo muhula mzima. Sitasema kwamba haikuuma. Iliuma, hasa siku nilizolala na chai tupu.

Lakini mwezi wa nne mama mdogo alitaka kuuza pasi yake ya mkaa na cherehani kidogo cha mkono. Nilimpigia simu yule mzee. Hakuomba kuviona kwanza. Aliniuliza swali moja tu: "Vina kasoro gani?" Nikamtajia zote, naye akanitajia bei papo hapo, tukakubaliana.